Jina la Yohana: Asili Yake na Kuenea Kwake Sengerema

Mgeni akiingia katika darasa lolote la shule ya Sengerema wakati mwalimu aitapo majina, hakosi kuona ajabu. Huitwa Neema Petro Yohana, naye huitika. Baadaye huitwa Mabula Simoni Yohana, naye huitika pia. Na kabla ya daftari kufungwa husikika Yohana wa tatu, pengine na wa nne. Mgeni aliyezoea desturi za Ulaya atadhani kwamba hao ni ndugu wa ukoo mmoja mkubwa, wenye babu mmoja na shamba moja. Lakini akiwauliza wenyewe atajibiwa kwamba hawajuani hata kidogo. Mmoja ni Mzinza wa visiwani Kome, wa pili ni Msukuma ambaye babu zake walivuka ghuba wakitafuta malisho, na wa tatu wazazi wake walihamia juzi tu. Jina ni moja, damu mbalimbali.

Jina hilo si la Kisukuma wala si la Kizinza. Ni la Kiebrania, nalo lilitamkwa mara ya kwanza katika nchi iliyo mbali sana na Ziwa Viktoria. Limekujaje kuwa jina la ukoo katika ardhi hii? Na kwa kuwa jina la ukoo ndilo litambulishalo mtu kwa watu wake, je, limetambulisha au limeficha? Maswali haya mawili yafaa kuchunguzwa pamoja, maana jibu la kwanza ndilo lifungualo la pili.

Yafaa kuanza na asili yenyewe. Katika Kiebrania jina hili ni Yohanan, nalo ni sentensi kamili iliyofungwa ndani ya neno moja. Sehemu ya kwanza, Yo, ni mkato wa jina takatifu la Mungu wa Waisraeli; sehemu ya pili, hanan, ni kitendo cha kufadhili au kuhurumia. Maana yake basi ni “Mungu amefadhili”. Mzazi wa Kiebrania aliyempa mwanawe jina hili alikuwa akinena habari: pengine alikaa miaka mingi bila mtoto, pengine alinusurika na balaa, na kila alipomwita mwanawe alirudia shukrani yake.

Tena Waebrania wa kale hawakuwa na majina ya ukoo kwa maana ya leo. Mtu alitajwa kwa jina lake, kisha kwa jina la babaye, na katikati likawekwa neno ben, yaani “mwana wa”. Mwanachuoni mashuhuri wa karne ya kwanza, aliyeanzisha tena masomo ya Kiyahudi mjini Yavne baada ya hekalu la Yerusalemu kubomolewa mwaka 70, aliitwa Yohanan ben Zakkai. Msukuma hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Neno lake mwenyewe, ng'wana, hufanya kazi hiyohiyo, na mtu aliweza kuishi na kufa akijulikana kwa jina la mzazi wake lililotanguliwa na neno hilo. Kwa desturi ya kuitana, Yavne na Usukuma zilikuwa karibu kuliko zilivyokuwa Yavne na London.

Lakini jina halikusafiri moja kwa moja kutoka Yavne hadi Usukuma. Lilizunguka dunia kwanza, na katika kila kituo lilibadilishiwa nguo. Wayunani walilifanya Ioannes, Warumi wakalifanya Johannes. Kutoka hapo Wajerumani walipata Johann na mkato wake Hans, Wafaransa Jean, Waingereza John, Waitalia Giovanni, Warusi Ivan. Wahabeshi walilihifadhi kwa sura ya Yohannes, nalo likavaliwa na wafalme wao, mmojawapo akiwa Yohannes wa Nne aliyekufa vitani mwaka 1889. Katika safari hiyo ndefu jina lilipata watu wengi likapoteza kitu kimoja, nacho ni usemi wake. Mwingereza aitwaye John hasikii habari yoyote ya fadhila ndani ya jina lake. Limekuwa alama tu, kama chapa ya ng'ombe, itofautishayo mtu na mtu.

Njia nyingine ilipita Uarabuni. Nabii yuleyule, mwana wa Zakaria, hutajwa katika Kurani kwa jina la Yahya, na kwa sura hiyo alifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na Uislamu, karne nyingi kabla ya misheni yoyote. Hivyo Waswahili walikuwa na akina Yahya tangu zamani. Wafasiri wa Biblia wa karne ya 19 walipofika Mombasa na Unguja walikuwa na chaguo la kutumia jina hilo lililokwisha kuzoewa, au kuleta jingine. Katika Biblia ya Kiswahili lilishika jina la Yohana, lenye h ya Kilatini, na irabu mwishoni kama ulimi wa Kibantu upendavyo. Baadaye Wakatoliki walizoea kusema Yohane, na Waprotestanti Yohana. Kwa hiyo hata leo mtu mwenye sikio jepesi aweza kukisia dhehebu la mzee kwa kusikiliza irabu ya mwisho ya jina lake. Sengerema pana Yohana, Yohane, Johanes, John na Yahaya, na wote hao ni mtu mmoja aliyepitia milango mbalimbali.

Kabla ya kueleza jinsi mlango ulivyofunguliwa, yapasa kutazama majina yaliyokuwamo nyumbani. Mtoto wa Kisukuma aliyezaliwa wakati wa mvua aliitwa Mabula. Mapacha waliitwa Kulwa na Doto, na aliyewafuata tumboni akaitwa Shija. Kwa hiyo aliyesikia jina la Shija alijua mara moja habari ya uzazi wa mama yake. Ng'ambo ya mashariki ya ziwa, huko Butiama, mtoto mmoja alizaliwa wakati viwavi walipovamia nchi, akaitwa Nyerere, jina la viwavi hao kwa Kizanaki. Mwana wa mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Tanganyika. Na Aniceti Kitereza, mwandishi wa Ukerewe, katika hadithi yake kubwa iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, aliwapa watoto wa Myombekere na Bugonoka majina ya Ntulanalwo na Bulihwali, majina ya wazazi waliozoea msiba na kuuliza utakwisha lini.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Majina haya ya ziwani na lile la Yohanan yalitungwa kwa kanuni moja. Yote ni maneno yenye maana, yote husimulia saa ya kuzaliwa au hali ya wazazi, na mengine humwelekea Mungu au kifo moja kwa moja. Laiti Yohanan angefika Usukuma kwa miguu yake mwenyewe, pengine wenyeji wangemfasiri, na mtoto angeitwa kwa neno la Kisukuma lenye maana ya fadhila. Lakini jina lilifika likiwa limekwisha kunyamazishwa katika lugha za Ulaya.

Mzungu wa kwanza kuliona ziwa hilo alilichukua jina hili mwilini mwake. Alikuwa John Hanning Speke, aliyefika karibu na mahali penye mji wa Mwanza leo, tarehe 3 Agosti 1858. Speke hakuja kubatiza, akapita. Waliokuja kwa ajili ya dini walikuwa watu wa Church Missionary Society, waliofika pwani ya kusini mwa ziwa mwaka 1877. Wawili miongoni mwao waliuawa Ukerewe kabla ya mwaka kwisha. Alexander Mackay, mmoja wa wenzao, alipoondolewa Buganda mwaka 1887 alihamia Usambiro, upande wa kusini wa Ghuba ya Mwanza, akafa huko Februari 1890. Mapadre Weupe nao walianzisha misheni ya Bukumbi, ng'ambo ya mashariki ya ghuba, mwaka 1883.

Bukumbi ilikuwa kimbilio. Kabaka Mwanga alipopinduliwa mwaka 1888 alikimbilia kusini mwa ziwa, na hatimaye akapokewa na mapadre wa Bukumbi. Mapadre waliofukuzwa Buganda mwaka huo walikuja huko pia, pamoja na Wakristo wa Kiganda. Watu hao walikuwa wamekwisha kubatizwa, na majina ya Biblia walikuwa wameyatia katika ulimi wao wenyewe: Yohana kwa Luganda aliitwa Yokana kwa Waprotestanti, na Yowana kwa Wakatoliki. Basi watu wa kusini mwa ziwa waliona mapema sana kwamba jina la kigeni laweza kuvaliwa na mtu mweusi, mkimbizi kama wao, bila yeye kuwa Mzungu. Mwaka 1909 Africa Inland Mission ilipokea kituo cha Nassa kutoka kwa Church Missionary Society, na kazi ya Waprotestanti katika Usukuma ikaendelea kwa mikono mingine.

Katika misheni zote jina jipya lilikuwa ishara ya maisha mapya. Kwa Wakatoliki mwanafunzi wa dini alifundishwa kwa muda mrefu, kwa kanuni ya Kardinali Lavigerie miaka minne, kabla ya kutiwa maji. Jina alilopata siku hiyo lilikuwa kama hati ya kuhitimu. Tena sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwataka mapadre wahakikishe kwamba mbatizwa anapewa jina la Kikristo. Majina ya watakatifu yalikuwa mengi, lakini Yohana alikuwa na bahati kubwa kupita wengi. Kuna Yohana Mbatizaji, ambaye sikukuu yake ni tarehe 24 Juni, na kuna Yohana Mwinjili, ambaye yake ni tarehe 27 Desemba. Aliyezaliwa au kubatizwa katikati ya mwaka au mwishoni, jina lilikuwa tayari linamngoja. Na Waprotestanti, wasiofuata kalenda ya watakatifu, walilikuta jina hilohilo juu ya Injili ya nne, ambayo mara nyingi hupewa msomaji mpya. Dini mbili zilizoshindana zilikutana katika jina moja.

Hata hivyo jina la ubatizo si jina la ukoo, na hapa ndipo palipo kiini cha habari. Kilichomfanya Yohana awe ukoo ni kalamu ya karani. Serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897. Waingereza waliofuata wakaendelea na kodi yao. Mlipa kodi alihitaji stakabadhi, na stakabadhi ilihitaji jina. Vivyo hivyo mwanafunzi alihitaji nafasi katika daftari la shule, na mkulima wa pamba alihitaji kitabu cha chama cha ushirika, hasa baada ya kuundwa kwa Victoria Federation of Co-operative Unions katika miaka ya 1950. Kanuni iliyoshika katika vitabu hivyo ni nyepesi: jina lako, jina la baba, jina la babu. Ni kanuni nzuri, nayo yakubaliana na desturi. Lakini ina mlango wa nyuma.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee mmoja wa Sengerema aitwaye Mabula abatizwa akiwa mtu mzima, apewa jina la Yohana. Yeye ni Yohana Mabula, na hakuna kilichopotea. Mwanawe ni Petro. Shuleni aandikwa Petro Yohana, maana mwalimu ataka mawili tu. Binti wa Petro ni Neema, naye aandikwa Neema Petro Yohana. Katika vizazi viwili Mabula ametoka kitabuni, na jina la mwisho, lile ambalo dunia huliita la ukoo, limekuwa la Kiebrania. Hakuna aliyekusudia hivyo. Hakuna aliyelazimishwa. Mzee aliyezaliwa wakati wa mvua amefutwa na hesabu ya nafasi tatu.

Yaweza kutokea pia kwamba ndugu ya Petro, mwana wa baba yuleyule, alipofika shule nyingine alitaja jina la zamani, akaandikwa Musa Mabula. Watoto wake ni akina Mabula, na binamu zao ni akina Yohana. Hivyo ndugu wa damu wana majina mawili, na wageni wasiojuana wana moja. Wako waliookoka na mtego huu kwa kulishika jina la wazee mapema. Paul Lazaro Bomani, kiongozi wa vyama vya ushirika vya pamba, aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa mwana wa mhubiri Lazaro Bomani. Lazaro nalo ni la Kiebrania, mkato wa Eleazari. Lakini jina la Bomani lilibaki mwishoni, kwake na kwa ndugu zake, na likajulikana nchi nzima.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la Afrika tu. Wayahudi wenyewe, wenye mali ya jina hili, walitendewa hivyo hivyo. Kwa karne nyingi wengi wao katika Ulaya ya kati waliendelea na desturi yao ya mwana wa fulani, hata Mfalme Mkuu Joseph wa Pili wa Austria alipowaamuru mwaka 1787 wachukue majina ya ukoo ya kudumu. Napoleon alitoa amri kama hiyo mwaka 1808, na Prussia ikafuata mwaka 1812. Sababu zilikuwa kodi, askari na hesabu ya watu. Jina la ukoo la kudumu, kwa Myahudi wa Galicia kama kwa Mzinza wa Buchosa, ni mtoto wa ofisi. Tofauti ni kwamba Myahudi aliamriwa kwa tangazo, naye alijua siku aliyobadilika. Mzinza alibadilika kimya kimya, katika daftari la mtoto.

Je, kuna hasara? Wako watakaojibu kwa methali, “Mwacha asili ni mtumwa,” na kuwalaumu waliobatizwa. Lawama hiyo haiwafikii wenyewe. Mzee aliyechagua kuitwa Yohana hakuacha asili. Aliendelea kuitwa Mabula nyumbani, na wajukuu wake walimjua kwa majina yote mawili. Wala si haki kuliita jina la Yohana la kigeni leo, baada ya vizazi vitatu au vinne vya watu walioolewa nalo, kulima nalo na kuzikwa nalo. Kwa mjukuu, Yohana ni jina la babu yake, na heshima ya babu haina lugha.

Hasara ipo mahali pengine. Wazinza, kama jamaa zao wa Buhaya na Karagwe, hutambuana kwa ukoo na kwa mwiko wake, yaani mnyama au chakula ambacho watu wa ukoo huo hawakili. Vijana wanapotaka kuoana, wazee huuliza ukoo ili ndugu wasije wakaoana. Zamani watu walikaa karibu na swali lilijibiwa kijijini. Lakini nchi ya Sengerema na Geita ilipokea wahamiaji wengi, hasa wakati wa mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, uliofungua ardhi ya magharibi mwa ghuba. Watoto wa wahamiaji walikulia mbali na wazee wao. Kijana wa leo akiulizwa ukoo hutoa alichonacho kwenye cheti, naye husema Yohana. Amejibu kwa ukweli, lakini swali halikujibiwa. Na ndugu zake wa kweli, akina Mabula, aweza kukutana nao mjini Mwanza na kuwapita kama wageni.

Zamani kosa hilo lilijisahihisha. Kwa kanuni ya majina matatu, Yohana naye angeondoka katika kizazi kilichofuata: mtoto wa Daudi Petro Yohana angekuwa Elia Daudi Petro, na gurudumu lingeendelea kuzunguka. Lakini vyeti vya shule, hati za ardhi na kitambulisho cha taifa, ambacho mamlaka yake ilianzishwa mwaka 2008, hupenda jina la mwisho lisibadilike. Basi mtoto huandikwa Elia Daudi Yohana, na gurudumu limesimama. Limesimama pale lilipokuwa kwa bahati, juu ya kizazi kile kilichobatizwa. Ndiyo sababu jina hili ni la watu wengi kiasi hiki Sengerema. Wingi wake hauonyeshi ukubwa wa ukoo wowote. Waonyesha ni wakati gani babu za watu waliingia kanisani, na ni wakati gani wajukuu waliingia ofisini.

Ishara za kurudi nyumbani zipo. Sheria mpya ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 haidai tena jina la mtakatifu. Yakataza tu jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Kwa hiyo mtoto aweza kubatizwa Mabula au Shija, na wako wanaobatizwa hivyo. Yaweza kutokea siku moja kwamba mtoto ataitwa Mabula Daudi Yohana: jina la babu wa kale litakuwa mbele, na jina la Kiebrania nyuma, kila moja likikalia kiti cha mwenziwe.

Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, nalo likapewa jina la John Pombe Magufuli, mwenyeji wa Chato na Rais wa tano wa Tanzania. Aendaye Sengerema kutoka Mwanza sasa huvuka ghuba juu ya jina ambalo herufi yake ya kwanza ni ya Yohanan na la mwisho ni la wenyeji. Jina hilo limehifadhi vyote viwili, na hiyo ndiyo njia iliyo wazi kwa kila familia. Lililobaki ni kazi ya vijana wasomi. Wazee waliowaona kwa macho yao wale Mabula na Shija wa kwanza kubatizwa wamebaki wachache, na hakuna daftari la kodi lililoandika ukoo wao wala mwiko wao. Mwanafunzi atakayerudi nyumbani likizo hii, akakaa na bibi yake na kuandika nani alikuwa Yohana kabla hajawa Yohana, atakuwa ameokoa kitu ambacho mwaka ujao pengine hakitapatikana.